Dettol ikigeuka maziwa: maongezi na wanafunzi kuhusu mwanga na vimiminika vilivyochanganyika

Walimu wangu shikamooni, wanafunzi hamjambo. Asanteni kwa kunialika, na mnisamehe kwa kuomba mapazia yafungwe asubuhi yote hii, sababu mtaiona sasa hivi. Hapa mezani nina glasi nne za maji, chupa ya Dettol, maziwa kidogo kwenye kikombe, chumvi, na kalamu ya leza ile ambayo walimu wanaonyeshea kwenye projekta. Hakuna kitu hapa ambacho hamjawahi kukiona.

Naanza na Dettol kwasababu karibu kila mmoja wenu ameogeshewa au ameoshewa kidonda kwa Dettol, harufu yake mnaijua hata mkiwa mmelala. Ukiiangalia ikiwa kwenye chupa ina rangi kama ya chai ya rangi iliyozimuliwa, ukiinua kwenye dirisha unaona upande wa pili bila shida. Maji nayo unaona upande wa pili. Sasa namimina kifuniko kimoja tu kwenye glasi hii ya kwanza... mmeona? Imekuwa nyeupe pepepe kama maziwa. Mmeliona hili toka utotoni, ila hebu tuulizane leo, ule weupe umetoka wapi? Kwenye chupa hapakuwa na rangi nyeupe, kwenye maji hapakuwa na rangi nyeupe, na hakuna kilichoungua wala kilichoozeshwa hapa.

Kilichotokea ni hivi. Ndani ya Dettol kuna dawa yenyewe inaitwa kloroksilenoli, kuna mafuta ya msonobari, kuna sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, na kuna alkoholi aina ya isopropanoli. Mafuta na maji hawapatani, hilo hata bibi zenu wanalijua, ila alkoholi inapatana na wote wawili kwahiyo inakaa katikati kama mshenga, inawafanya wakae nyumba moja. Ukimwaga maji mengi ghafla yule mshenga anazidiwa, anatawanyika kwenye maji, mafuta yanabaki peke yake hayana wa kuyashika mkono, yanakimbiliana yanajikusanya vitone vitone vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni. Kila kitone hakina rangi. Ila mwanga ukikipiga unatupwa pembeni, unaenda kupiga kingine, unatupwa tena, mpaka unatoka nje kila upande na rangi zake zote zimechanganyika, na macho yetu rangi zote zikija pamoja tunaita nyeupe. Maziwa ni hivyohivyo, mawingu hivyohivyo, povu la sabuni hivyohivyo. Wagiriki na Wafaransa wana vinywaji vyao vyenye mafuta ya mbegu ya anisi vinavyofanya mchezo huuhuu ukiongeza maji.

Kitendo hicho cha mwanga kutupwa pembeni tunakiita mtawanyiko wa mwanga, na mimi maisha yangu ya kazi yote yamekuwa humo. Ninachotaka mwondoke nacho leo ni kwamba kimiminika kinachoonekana kimetulia na ni kitu kimoja, ndani yake hakijatulia na mara nyingi sio kitu kimoja, na ukijua kukiuliza kwa mwanga kitakujibu.

Tuzime taa. Napitisha leza kwenye glasi ya pili, maji matupu ya chupa. Mnaona doa ukutani ila ndani ya glasi mstari unaonekana kwa shida sana. Glasi ya tatu naweka chumvi nakoroga mpaka iishe, tena karibu hamna kitu, kwasababu chumvi imevunjika mpaka ioni moja moja, ni ndogo mno. Sasa glasi ya nne, tone moja la maziwa. Moja tu. Haya angalieni, mstari mzima unawaka kama uzi wa moto! Mtu aliyelichunguza sana jambo hili miaka ya 1860 alikuwa John Tyndall, na mwaka 1871 Mwingereza ambaye baadae aliitwa Lord Rayleigh akaonyesha kwa hesabu kwamba chembe zikiwa ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, mtawanyiko unategemea urefu wa wimbi kwa kipeo cha nne. Msiogope kipeo, piga tu kwenye kalkuleta, chukua nyekundu nanomita 650 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) gawanya kwa bluu nanomita 450, jibu lizidishe lenyewe mara nne, utapata kama 4.4. Maana yake bluu inatupwa pembeni zaidi ya mara nne kuliko nyekundu. Ndio maana anga ni bluu na jua la magharibi ni jekundu. Nyumbani ukichukua tochi ya mwanga mweupe na maji yenye matone machache ya maziwa utaona kwa ubavuni yana ububluu na ukitazama upande wa pili tochi imekuwa ya njano inayokwenda kwenye chungwa, machweo kamili ndani ya glasi.

Sasa kuna swali gumu zaidi, na lilichukua miaka mingi. Je maji safi kabisa, hayana vumbi hata moja, hayana maziwa, yanatawanya mwanga? Yanatawanya. Kidogo sana, ila yanatawanya. Kwanini wakati hakuna chembe ndani?

Fikirieni gwaride la Uhuru. Askari wamepangwa mstari, nafasi sawasawa, hakuna penye wengi wala penye wachache. Mwanga ukipita kwenye umati uliopangwa hivyo, kila askari anatupa kidogo pembeni lakini mawimbi yao yanafutana, hubakiwi na kitu. Sasa fikirieni Kariakoo siku mbili kabla ya Idi. Ukiangalia kutoka ghorofani unaona hapa pamejazana, pale pana nafasi, baada ya dakika pale pamejaa na hapa pamepungua, hakuna aliyepanga, ni watu tu wanatembea. Vimiminika ni Kariakoo. Molekuli zinahangaika kwa joto, kwahiyo muda wote kuna sehemu ndogo imesongamana na nyingine imelegea, na kule kutolingana ndiko kunakotupa mwanga. Aliyeliona hili vizuri ni mwanafizikia wa Kipoland Marian Smoluchowski mwaka 1908, na mwaka 1910 Albert Einstein akaandika hesabu yake, na nawaomba mzingatie, hesabu ile haikuwa ya kimiminika kimoja tu, aliweka pia vimiminika vilivyochanganyika. Watu wengi wanamjua Einstein kwa mambo ya nyota na saa zinazochelewa, lakini huyu wa 1910 aliyekuwa anawaza kwanini kimiminika kinapata ukungu ndiye ninayemsoma mimi karibu kila wiki.

Mchanganyiko una sababu mbili za kutolingana. Kwanza msongamano kama nilivyosema. Pili ni nani yuko wapi, yaani tukiita kimiminika kimoja A na kingine B, hapa A wamezidi, pale B wamezidi. Na hii ya pili inaweza kukua mpaka ikatisha. Chukua fenoli na maji (nyumbani usijaribu, fenoli inaunguza ngozi na ni sumu). Kwenye joto la kawaida zinajitenga tabaka mbili. Ukipasha, kufika nyuzi 66 hivi, kama ulipima viwango vizuri, tabaka zinapotea inakuwa kimiminika kimoja kisafi. Sasa kiache kipoe polepole, polepole sana, sehemu ya kumi ya nyuzi kwa wakati. Kabla hakijatengana kinaanza kupata ukungu, kwanza wa kibluu, halafu mweupe, halafu leza haipenyi kabisa. Hakuna tabaka zilizojitenga bado! Ni kwamba makundi ya A na makundi ya B, yale ya kuja na kuondoka, ambayo mwanzo yalikuwa hayafiki hata nanomita moja, yamekua mpaka mamia ya nanomita, yamefikia ukubwa wa wimbi la mwanga lenyewe, kimiminika kimeshindwa kuamua kiwe kimoja au viwili. Thomas Andrews kule Belfast alikuwa ameliona jambo la jamii hii mwaka 1869 kwenye kaboni dioksidi karibu na nyuzi 31. Mimi nimeliona mara nyingi sasa, na bado kila mara najikuta nimesimama tu mbele ya kile kichupa nimesahau hata kuandika namba.

Haya, mpaka hapo mwanga unatuambia kuna makundi na makundi ni makubwa kiasi gani. Hautuambii ni nani. Hapo ndipo spektroskopi, yaani kuupanga mwanga kwa rangi zake na kuusoma, inapoingia, na hapo lazima niwape habari ya mtu mmoja.

Chandrasekhara Venkata Raman alikuwa mhasibu wa serikali kule Calcutta. Miaka kumi, 1907 mpaka 1917, mchana anashinda ofisini kwenye hesabu za fedha, asubuhi na jioni anaenda kwenye taasisi ya sayansi ya mji ule kufanya majaribio. Baadae akaacha kazi ile akawa profesa. Mwaka 1921 akiwa kwenye meli anarudi kutoka Uingereza, akawa anaitazama bahari ya Mediterania ilivyo bluu, na akakataa maelezo ya Rayleigh kwamba eti ni anga tu linajiakisi kwenye maji. Alikuwa na kipande cha kioo maalum cha kuzuia mwanga unaoakisiwa, akatazama kupitia kile kioo, bluu ikabaki palepale. Kwahiyo ni maji yenyewe. Kuanzia hapo akawa hana kazi nyingine ila mtawanyiko kwenye vimiminika, na tarehe 28 Februari 1928 yeye na mwanafunzi wake K. S. Krishnan wakapata walichokuwa wanakitafuta. Walichukua mwanga wa jua tu, wakaupitisha kwenye filta ya zambarau ukaingia kwenye kimiminika, upande wa kutokea wakaweka filta ya kijani ambayo zambarau haiwezi kupita. Kwa kawaida ilitakiwa giza. Waliona mwanga. Yaani kuna mwanga kidogo ulioingia na rangi moja ukatoka na nyingine. Walijaribu vimiminika kama 60. Mwaka 1930 Raman akapewa Nobeli, na India mpaka leo 28 Februari ni siku ya sayansi kitaifa.

Kwanini rangi ibadilike? Hebu fumbeni macho. Nikigonga meza, nikigonga debe, nikigonga ngoma, mtanitajia kila kimoja bila kuona. Molekuli nazo ni hivyo, atomi zimeshikana kwa bondi kama springi, kila springi ina mdundo wake. Mwanga ukiigonga molekuli, karibu wote unaondoka kama ulivyokuja, ila fotoni, yaani chembe ya mwanga, moja katika milioni 10 hivi inaacha nguvu kidogo kwenye springi, inaondoka imepungukiwa, rangi yake imesogea kuelekea wekundu. Umesogea kiasi gani? Kiasi kilekile cha mdundo wa springi. Ukipanga hizo fotoni kwa rangi unapata grafu yenye vilele, na kila dutu ina vilele vyake. Ethanoli ina kilele kikubwa karibu na 880, methanoli karibu na 1,030, tunahesabu kwa mawimbi kwa sentimita.

Maji ndio kwaya ngumu. Bondi zake za oksijeni na haidrojeni haziimbi noti moja, zimetapakaa kilima kipana kutoka kama 3,000 mpaka 3,700, kwasababu kila molekuli ya maji imeshikwa na majirani kivyake, mmoja amebanwa sana anaimba chini, mwingine hajabanwa anaimba juu. Ukiongeza ethanoli kile kilima kinabadilika umbo. Na hapa jaribio la fomu two kabisa, chukua mililita 50 za maji na mililita 50 za ethanoli changanya, hupati 100, unapata kama 96. Mililita nne zimeenda wapi? Hazijaenda popote, molekuli zimejipanga kwa kubanana zaidi, na spektra, yaani ile grafu ya vilele, inakuonyesha kubanana huko, maana ukijumlisha spektra ya maji na ya ethanoli kwenye karatasi haifanani na ile unayopima kwenye mchanganyiko wenyewe. Ile tofauti ndio mazungumzo yao. Mwaka 2002 watafiti Uingereza walipima maji na methanoli kwa nyutroni, zile chembe za ndani ya kiini cha atomi, wakakuta kwamba hata pale ambapo mtu yeyote angesema vimechanganyika vizuri, molekuli za maji zilikuwa bado zimejikusanya makundi makundi na zile za methanoli zimesukumana pamoja. Kwa jicho, maji masafi tu.

Sasa nirudi kwenye leza, maana 1960 leza ilipotengenezwa mambo yalibadilika sana. Miaka minne tu baadae watu wakagundua wanaweza kupima sio tu mwanga mwingi kiasi gani unatawanyika, bali unavyotetemeka. Ukitazama kwa ditekta nzuri, yaani kifaa cha kunasa mwanga, ule mwanga wa pembeni haujatulia, unameremeta kama jua linalopenya kwenye minazi yenye upepo. Chembe ndogo inakimbia kwahiyo kumeremeta kwake ni kwa haraka, chembe kubwa inajikongoja. Kitone cha nanomita 100 kwenye maji kinabadilisha ule mmeremeto kwenye muda kama wa nusu ya elfu moja ya sekunde, molekuli ndogo ni mamia ya mara haraka zaidi. Ukijua muda, ukijua mnato wa kimiminika na joto, fomula ya Einstein huyohuyo ya mwaka 1905 inakupa ukubwa. Leo hivi ndivyo vinavyopimwa vitone vya rangi za nyumba, chembe za dawa, protini, na mengine mengi.

Na kipimo hiki hakisamehi. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya pili nilichanganya maji na alkoholi, vyote vya kiwango cha juu cha maabara, nikapima, nikakuta kundi la chembe kama nanomita 150. Nikarudia, zipo. Wiki tatu nilikuwa silali vizuri, nikaamini nimeona maji na alkoholi vikijijengea nyumba ndani ya kimiminika. Mwalimu wangu hakunikatalia, aliniambia tu nipime tena bila kutumia bomba la sindano la plastiki. Nikatumia kioo. Chembe hazikuwepo. Mabomba yale ndani yanapakwa mafuta ya silikoni ili kisukumio kiteleze, na tone lisiloonekana la mafuta yale likiingia kwenye alkoholi linayeyuka, ukiongeza maji linajitenga vitone. Dettol ileile ya mezani hapa! Ila mafuta ni machache kiasi kwamba jicho halioni ukungu wowote, leza peke yake ndio inaona. Niliumia, kweli niliumia, lakini nilijifunza kusafisha.

Halafu nikaja kusoma kwamba jambo kubwa kuliko langu la namna hiyohiyo lilisumbua watu miaka karibu 40. Kuna alkoholi inaitwa tert-butanoli, inachanganyika na maji kwa kiwango chochote. Mwaka 1972 watafiti wa Kisovieti, Vuks na Shurupova, waliripoti mtawanyiko wa ajabu kwenye mchanganyiko huo. Baadae wengine wakapima, kuna walioona chembe za kama nanomita 100, zinakaa miezi, kuna waliosema hatuoni kitu, wengine wakasema ni viputo vya hewa. Mwaka 2011 Deepa Subramanian na Mikhail Anisimov wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, wakaonyesha kwamba jibu linategemea chupa ya alkoholi imetoka wapi, maana kuna uchafu mdogo sana wa vitu visivyopenda maji unaokuja na alkoholi kutoka kiwandani. Ukichuja ukiwa baridi kwa filta ya matundu madogo mno, zinapotea. Ukirudisha makusudi kiasi kidogo cha kitu kisichopenda maji, zinarudi. Mimi naona hii ni kazi nzuri kuliko nyingi zilizopata sifa zaidi, na uzuri wake ni kwamba hawakuishia kusema "ni uchafu, tupeni", walionyesha kwamba hata uchafu ule unahitaji mipango ya molekuli za maji na alkoholi kuuzunguka ndio ukae miezi bila kutengana, kwahiyo kuna jambo la kweli la mchanganyiko lilikuwa limejificha mlemle.

Kuna mwalimu aliniuliza pale nje kabla hatujaanza, sasa haya yana kazi gani kwetu? Namjibu kwa methanoli. Mei 2014 nchini Kenya, Embu, Kiambu na kaunti nyingine, makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyochanganywa methanoli, wengine wakapofuka. Methanoli haina rangi, harufu yake ni ya pombe, ukiichanganya na ethanoli na maji hakuna jicho wala ulimi wa binadamu utakaokutajia. Mwilini inageuka asidi ya fomiki, na ile inaua mshipa wa jicho. Kipimo cha kawaida maabara ni gesi kromatografi, mashine inayotenganisha vitu vikiwa mvuke, ni kizuri sana, ila sampuli inabidi isafiri, ipangiwe zamu, na anayekunywa hasubiri. Lakini nimeshawaambia, ethanoli 880, methanoli 1,030. Vilele viwili viko mbalimbali, na mwanga wa Raman unaweza kupita hata kwenye kioo cha chupa bila kuifungua. Vifaa vya kushika mkononi vipo. Ni ghali bado, siwadanganyi, ila kinachovifanya kuwa ghali ni leza, filta na ditekta, na hivyo vitu vitatu kuna watu wanavijenga wenyewe kwenye meza za vyuo, na sioni kwanini asiwe mmoja wenu nyinyi mliokaa hapa. Kwangu mimi hilo ni jambo la kufa na kupona, ndugu za watu wanazikwa kwa kitu ambacho mwanga ungekitaja kwa sekunde chache.

Nimeongea sana. Taa zibaki zimezimwa kwanza. Nimeandaa glasi nyingine tano, tatu zina maji na spiriti tu, mbili nimeweka tone moja la mafuta ya nyonyo lililoyeyushwa kwenye spiriti, na kwa macho zote tano ni sawa, nimekagua mwenyewe. Mje mbele kwa zamu, watano watano. Wa kwanza ashike leza, aipitishe kwa ubavu wa glasi, asielekeze machoni mwa mtu hata kwa bahati mbaya, na asiseme jibu kwa sauti mpaka mwenzake wa mwisho awe ameona.